Toa Nafasi

Nikimwelekeza mtu kompyuta kwa simu huwa sina subira. Nasema maneno mawili, nikitegemea yeye aelewe kumi. Ndivyo nilivyomfanyia Verediana.

Tulisoma chuo pamoja hapa Mbeya. Mimi nikafungua kibanda cha ufundi, yeye akarudi Iringa, Mlandege, kufundisha. Mama yake alipougua kule Kilolo, Verediana alimrekodi kwa video akitamka maneno ya Kihehe, moja moja, siku nyingi. Mama alifariki Machi. Sasa binti alitaka kutengeneza programu ya simu: mtoto akigusa neno, asikie sauti ya bibi.

Jumamosi alikuwa anasakinisha kifurushi cha kutengenezea programu hizo kwenye laptop yake. Kikagoma mara tatu. Akanisomea ujumbe, nikacheka. Folda alikuwa ameiita "Mama Pendo", kama yeye mwenyewe anavyoitwa mtaani, na kifurushi kile hakitaki nafasi katikati ya jina. Mteja alikuwa amenisimamia.

"Tatizo ni nafasi tu," nikamwambia. "Toa nafasi, uanze upya."

Nikakata simu.

Baada ya saa nzima akapiga, amefurahi. Amepata nafasi tele, gigabaiti kumi na moja, ila bado kinagoma. Nikamuuliza ameipata wapi.

"Nimefuta vitu. Nimeanza na video za Mama, ndizo nzito."

Nikakaa juu ya printa ya mteja. Nikauliza kama zimo kwenye pipa la taka. Hazimo, alifuta moja kwa moja, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Na diski ya laptop ile ikifuta imefuta, hairudishi. Kwenye simu alishaziondoa zamani.

"Kwani vipi, kaka Lutengano? Si unazo? Nilikutumia kiungo cha kuzipakulia Aprili, ukasema umezipata."

Nilisema hivyo kweli, ili asinisumbue. Sikuwahi kukifungua. Nikakifungua pale pale, nikakuta muda wake uliisha tangu Mei.

Nilishindwa kumwambia. Kwa woga nikamwelekeza kwanza aliunganishe lile jina, MamaPendo, liwe neno moja. Nikamsikia akibonyeza, akingoja, akiguna. Safari hii hakikugoma hata kidogo.

"Kimekubali," akasema. "Haya kaka, sasa nitumie Mama."