Mama Hakukatizwa

Ayuma alikuwa na wiki tatu tu kazini, fundi mitambo wa redio ndogo ya mtaa huko Mukuru kwa Reuben, na kitu alichokiogopa kuliko vyote ni kugusa mashine matangazo yakiwa hewani.

Siku hiyo mtangazaji Samatar alicheza rekodi ya miaka kumi na miwili iliyopita. Mwanamke aliyeuza chai kwenye lango la kiwanda alikuwa akisimulia jinsi alivyojifungua, miaka mingi kabla ya rekodi hiyo, juu ya meza ya jirani, mafuriko yakiwa yamejaa nyumbani. Mwanamke huyo alikuwa ameshafariki. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya mafuriko, Batulo, sasa mtu mzima na kazi yake, alikuwa ameketi studioni akisikiliza.

"Ni yeye kabisa," Batulo akasema, ameishika meza kwa mikono miwili. "Nataka kumjibu. Na jibu langu liwekwe pale pale ilipohifadhiwa sauti yake."

Samatar akamwashiria Ayuma. "Rekodi, dada!"

Ayuma akabonyeza. Mashine ikakataa. Diski ya kumbukumbu, ile ile iliyokuwa ikicheza sauti ya mama, ilikuwa imewekwa isomwe tu, isiandikwe, mtu asije akafuta sauti za mtaa. Diski nyingine ilikuwa imejaa pomoni. Chuoni alizoea kuitoa diski, kisha kuirudisha kwa masharti mapya. Lakini kuitoa sasa kungemkata mama huyo katikati ya neno.

"Ayuma, vipi? Batulo ameshaanza kuongea!"

Akakumbuka aliwahi kusoma kwamba masharti hubadilishwa hata diski ikiwa kazini. Hakuwa amejaribu kamwe. Akaandika mount -o remount,rw na jina la diski, amri ya kuiruhusu diski iandikwe bila kuitoa. Akabonyeza.

"...wakaniambia ni msichana," mama akaendelea, "nikacheka, na maji yamewafika magotini."

Hakukwama hata silabi moja. Ayuma akaganda, mkono kinywani. Sheria ya diski nzima ilikuwa imegeuka chini ya sauti ile, na sauti haikujua. Akabonyeza rekodi, safari hii taa nyekundu ikawaka.

Rekodi ya mama ikaisha, Batulo akazidi kusema: shule, kiwanda, binti aliyempa jina la bibi yake. Ayuma, kwa hofu ya kufuta kitu, akataka kuifunga diski upesi, irudi kusomwa tu. Mashine ikamjibu kwamba ina shughuli. Akajaribu tena, jibu likawa lile lile. Ndipo alipoelewa: maadamu maneno ya Batulo yalikuwa bado yanaandikwa, diski isingekubali kufungwa. Akaondoa mikono kwenye kibodi, machozi yakimlengalenga, akasikiliza tu.

Batulo alipomaliza, Ayuma akasimamisha rekodi na kurudia amri ya kuifunga diski. Safari hii ilikubaliwa kimya kimya.

"Imeshika?" Batulo akauliza mlangoni.

Ayuma akamvalisha vipokea sauti. Batulo akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mama, ni mimi," akacheka kwa sauti kubwa.