Nani Alisema Apande

Hilda aliweka karatasi mbele yangu akasema, "Itafsiri tu. Naihitaji kabla ya saa kumi."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mjini Moshi, katika ofisi ya kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Hilda ndiye meneja. Mimi walinichukua nilipotoka chuo niwafundishe waongozaji Kihispania. Karatasi ilikuwa na mistari michache ya Kiswahili, na nyuma yake imebanwa barua pepe iliyotoka Hispania. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya Sifael, mwongozaji msaidizi. Sifael ni baba yangu mdogo.

"Mimi Sifael, kwa uamuzi wangu mwenyewe, nilimwambia mgeni Pilar aendelee kupanda ingawa alikuwa mgonjwa. Kiongozi mkuu hakuhusika."

"Huu ni uongo," nikasema.

"Mwalimu, sikukuita usahihishe. Nimekuita utafsiri." Hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Kaka yake mgeni anataka jina. Pilar mwenyewe ameeleza kwamba aliyemwambia apande ni yule anayeongea Kihispania. Anayeongea Kihispania ni nani? Ni Aristides?"

Nilijua kilichotokea, kwa sababu baba mdogo alinisimulia siku aliyoshuka. Walikuwa kambi ya Karanga, mchana. Pilar alitapika mara tatu, kisha akaanza kuyumba kama mlevi. Baba mdogo akamwendea Aristides, kiongozi mkuu wa safari, akamwambia huyu ashushwe sasa hivi. Aristides anajulikana kwa kujisifu kwamba wageni wake wote hufika kileleni. Akajibu, "Mwambie apande. Kambi ya Barafu siyo mbali, atapumzika kule." Baba mdogo akarudi kwa Pilar, akamwambia lazima apande. Saa tisa alasiri, kabla hawajaiona kambi ya Barafu, Pilar alianguka na hakumtambua mtu tena. Wagumu, ndivyo wapagazi wetu wanavyojiita, walimshusha kwa machela karibu wakikimbia. Yuko hai. Lakini miezi miwili imepita na hawezi kutembea bila kushikwa mkono.

Kwa nini baba mdogo hakumwambia kwamba agizo ni la Aristides? Ndiyo desturi ya kazi yao. Mlimani waongozaji huongea kwa mdomo mmoja. Mkuu akiagiza, msaidizi hulipeleka neno kana kwamba ni lake, maana mgeni akijua waongozaji wanapingana ataogopa. Anayejua lugha ya mgeni ndiye anayelibeba neno hilo, na likioza linaozea mikononi mwake.

Nami niliipaka mafuta desturi hiyo. Darasa letu lilikuwa chumba cha juu ya duka la Mzee Mohan. Huko niliwafundisha lazima za Kihispania. *Tengo que*, lazima ni yangu. *Tienes que*, lazima ni yako. Halafu *hay que*, yaani inapasa, lazima isiyo na mwenyewe, haimtaji anayeamuru wala anayeamriwa. Hiyo waliipenda mno. *Hay que tomar agua*, inapasa kunywa maji. "Mwalimu, hii ndiyo ya kumwambia mke," akasema mmoja. "*Hay que* pika!" Tulicheka mpaka Mzee Mohan akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Wiki iliyofuata nikawafundisha kupeleka agizo la mtu mwingine: *dice que suba*, anasema apande. Baba mdogo, mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote kwa umri, akaweka kalamu chini. "Kumbe ni kama letu! 'Anapanda' ni habari, 'apande' ni agizo. Sasa hapa kigumu ni nini?" Nilijivunia kama mama. Lakini niliwaambia pia, Mungu anisamehe, kwamba mbele ya mgeni *hay que* ina adabu zaidi.

Niliikunja karatasi ya Hilda, nikachukua pikipiki hadi Machame, kwa baba mdogo. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu, dereva akaniuliza kama naongea na simu.

Nilimkuta Aristides ameketi sebuleni kwa baba mdogo. Mezani, kati ya vikombe vya chai, palikuwa na isale, jani bichi lililofungwa fundo.

Asiye wa kwetu anaweza kuona jani tu. Kwetu, aliyekukosea akikuletea isale, unasamehe. Bibi alituambia kwamba anayekataa isale anajilaani yeye na watoto wake. Hakuna aliyewahi kunifundisha neno la kuielezea lazima hiyo. Jani linaletwa, watu wananyamaza.

"Shikamoo baba mdogo. Shikamoo mama mdogo."

"Na mimi?" akauliza Aristides.

"Shikamoo," nikauambia ukuta.

"Marahaba. Umefika wakati mzuri, mwalimu. Ile karatasi umekuja nayo?"

Kumbe alijua.

Akamgeukia baba mdogo. "Sifael, tumelala hema moja miaka mingapi? Nimekukosea, nakiri mbele ya mkeo. Wanangu wanne wako shule. Wewe una kahawa, una ng'ombe, hutalala njaa. Nisamehe, uweke sahihi, yaishe."

"Nisamehe, uweke sahihi!" nikasema. "Hayo ni mambo mawili, na wewe umeyafunga fundo moja."

"Ndelilio!" Mama mdogo Elifuraha alisimama. "Isale iko mezani. Mtoto hapigi kelele."

"Mama, hata mzee wa kumsindikiza hakuja naye! Isale ina watu wake, ina maneno yake. Huyu ameichuma hapo mpakani mwa shamba kama anachuma mchicha!"

"Chuo kimekufundisha dharau," akasema Aristides.

"Na mlima umekufundisha nini? Kumpandisha mtu anayetapika?"

"Kaa chini, mwanangu," akasema baba mdogo.

Nikakaa. Akalichukua jani, akaliweka juu ya goti lake. "Nimekusamehe, Aristides."

Nililia kwa hasira. Miaka kumi na mmoja baba mdogo alibeba mizigo ya wageni kichwani kabla ya kupata leseni. Kila Jumanne alishuka Moshi na daftari lake kwenye mfuko wa nailoni, akaketi na vijana wa umri wa wanawe, akitamka maneno mageni bila aibu. Na yote hayo yalikuwa yanaondoka kwa jani. Aristides alitoa kalamu mfukoni, akaibonyeza.

"Rudisha kalamu, unywe chai kwanza," akasema baba mdogo. "Ulitaka nibebe kosa lako, na hilo nimelisamehe. Sitakudai mbuzi. Sitakusema kanisani. Wanao wakipita hapa watakula. Lakini yule dada hajapokea isale ya mtu. Wewe hujampelekea, mimi sijampelekea. Umeileta nyumba siyo."

Aristides akacheka. "Nikampelekee majani Hispania?"

"Ndelilio atatupelekea. Mwalimu, andika."

Aliisema barua kwa Kihispania, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. *El jefe, Aristides, me dijo que le dijera a usted que subiera.* Mkuu, Aristides, aliniambia nikuambie upande. Nikaandika haraka, nikifurahi, maana jina la Aristides lilikuwa limefika mahali pake. Kisha akaendelea. Niliona kwamba ulipaswa kushuka. Nilipaswa kukataa agizo lile, nami sikukataa. Sikukuambia ni agizo la nani. Nilikuambia kana kwamba ni langu.

Nikasimamisha kalamu. "Hiyo tuiache, baba mdogo. Watakunyang'anya leseni. Sema tu aliyekutuma."

"Sasa wewe na Hilda mna tofauti gani?"

Nilimchukia kwa swali hilo, nikaandika.

"Umepokea isale yangu halafu unanichoma!" Aristides alikuwa amesimama.

"Jina langu liko pamoja na lako. Soma."

"Sijui Kihispania!"

"Mwalimu alikuwepo kila Jumanne," akasema baba mdogo, akatia sahihi yake, akamsogezea karatasi. "Weka sahihi chini ya yangu. Ndiyo isale yenyewe, tutakuwa tumeipeleka wote wawili."

Aristides aliitazama ile karatasi kwa muda, na kwa muda huo, nakiri, nilimwombea. Kisha akanyoosha mkono kulichukua jani gotini kwa baba mdogo. Mama mdogo akalifunika kwa kiganja chake.

"Ikishapokelewa hairudi, shemeji. Umesamehewa. Nenda nyumbani."

Akaenda, bila kusaini. Nilisimama uani chini ya migomba nikaipiga picha barua, nikaituma kwenye anwani ya kaka yake Pilar, na nakala kwa Hilda.

Hilda alipiga simu kabla sijarudi ndani. "Hii siyo niliyokuagiza."

"Ndiyo. Siyo hiyo."

"Basi darasa limekwisha. Na Sifael arudishe kitambulisho cha kampuni leo hii. Habari za leseni atazisikia huko ofisi ya hifadhi ya mlima, nitawaandikia mwenyewe."

Nilimwambia baba mdogo kila neno. Nikasema nitampelekea Hilda hicho kitambulisho na kumrushia usoni. Yeye alikuwa amekwisha kukaa kwenye ngazi, anafunga kamba za viatu.

"Hapana. Nitakwenda mwenyewe, na hifadhini nitawatangulia. Nikihukumiwa nihukumiwe nikiwa nimesimama hapo."

"Twende wote."

"Utapiga kelele."

"Nitapiga."

Alinitazama, akafunga kamba ya kiatu cha pili. "Haya. Vaa sweta."