Alichosema Mzee Twaha

Mimi Winfred si mtu wa kuzungusha maneno, kwa hivyo nasema tu: nilimdanganya daktari mbele ya mgonjwa, na mpaka leo sina amani.

Ilikuwa Doha, mwaka 2014. Katika wodi yetu ya saratani muuguzi Mkenya nilikuwa peke yangu. Chumbani kwangu, mtaa wa Najma, niliishi na Wanepali wawili, watu wazuri, lakini ukikumbuka kichekesho cha nyumbani unacheka peke yako. Kisha akaletwa Mzee Twaha, mtu wa Tanga, dereva wa miaka thelathini katika nyumba moja ya mtaa wa Al Sadd. Kwetu Machakos hatuna mazoea ya shikamoo. Yeye ndiye aliyenizoesha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Aki, hilo "umekula" ndilo lililokuwa likinifikisha jioni.

Wiki hiyo tuligawiwa fomu za utafiti: mgonjwa akiomba asaidiwe kufa, una maoni gani? Nikatia alama kwenye "napinga kabisa" haraka haraka, chai yangu isije ikapoa.

Jumanne asubuhi, nikimgeuza kitandani, Mzee Twaha akanishika mkono. "Mwanangu, maumivu yamenishinda. Hiyo morfini nipe yote kwa mara moja. Nimechoka."

Kabla sijajibu, daktari wetu, Mmisri mpole, akaingia na kuniuliza kwa Kiarabu mzee anasema nini.

Nikawaza polisi. Nikawaza kurudishwa nyumbani. Nikajibu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza: "Anashukuru. Anasema yuko sawa."

Daktari akatabasamu, akaenda zake. Ndipo nikaona mzee ananikodolea macho. Mjinga mimi! Miaka thelathini ya kuwaendesha Waarabu, nami nikasahau kwamba Kiarabu anakijua kuliko mimi. Angetaka kumwambia daktari, angemwambia mwenyewe. Aliniambia mimi.

"Ungenikatalia tu," akasema. "Ningekuelewa. Lakini umesema niko sawa."

Akageukia ukutani.

Kesho yake nikamfuata daktari, nikamweleza yote, nikingojea kufokewa. Akasema kumuua mtu hawezi, wala hataniruhusu mimi, lakini anayeomba kufa lazima kwanza aulizwe kinachomuuma. "Mbona hukuniambia jana?" Akabadilisha dawa, kisha akaketi na mzee nusu saa nzima wakiongea.

Maumivu yakapungua. Siku ya pili mzee akanywa supu, nami nikasogea kwa furaha kama mtoto.

"Shikamoo, mzee."

"Shukran, sista," akajibu kwa adabu, kama wanavyonijibu wagonjwa wote.

Aliishi siku kumi na moja zaidi. Kila asubuhi nilimwamkia. Hakuniuliza tena kama nimekula.