Mashine Iliyopakwa Mawese

Ting.

Mlio mmoja tu, mwembamba, kama kijiko kilichogusa bilauri. Kabla yake palikuwa na kishindo, lakini kishindo hakikumwamsha Mwasiti. Katika nyumba ile ya Ujiji paka aliruka, sufuria ilidondoka, watu wakageuka upande wa pili wakaendelea kulala. Kilichomfumbua macho gizani ni ile ting. Kengele ya mashine ya taipu hailii yenyewe alfajiri.

"Mama?" akaita.

"Ni mimi, mwanangu." Sauti ya mkwewe, Bi Mwanvua, ilitoka chini, karibu na mlango. "Natafuta birika nitawadhe. Nimeshika kitambaa cha meza, nikakivuta, kumbe... Lete taa. Lete taa, Mwasiti, mimi naogopa kupapasa."

Kibatari kilipowaka, mashine ilionekana imelala chali kama kobe aliyepinduliwa, na Bi Mwanvua amepiga magoti mbele yake, mikono kichwani. Kitandani Ashura, mtoto wa miaka minne, alikuwa hana habari.

Ilikuwa Jumatano. Mtihani ulikuwa Jumamosi.

Na mtihani wenyewe haukuwa wa kupewa cheti ukakitundika ukutani. Ofisi moja ya serikali kule Tabora ilitaka mpiga chapa, na ilikuwa imemtuma mtu kuja kuwapima wanawake wa darasa la jioni la Mwalimu Skolastika, pale Kigoma. Kila mmoja aje na mashine yake. Asiye na mashine angoje mwaka mwingine. Atakayechaguliwa apate kazi, na pamoja na kazi chumba katika kota za wafanyakazi. Chumba! Dadi, mumewe Mwasiti, alikuwa Tabora huko huko, katika karakana ya reli, mwaka wa pili sasa, analala na wanaume wenzake watatu katika chumba ambacho, aliandika, "ukitaka kujigeuza unaomba ruhusa". Mke hapo angewekwa wapi? Tangu aondoke alikuwa amekuja mara moja, siku nne, mbili kati ya hizo ana homa.

Mwasiti hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alimtamani mumewe kwa namna zake. Akinunua mgebuka, kichwa cha samaki alikiweka kando kwenye sahani ndogo, kwa sababu kichwa kilikuwa cha Dadi. Na watu walipokwisha kula, akakila mwenyewe jikoni, haraka, kama aliyeiba. Upepo ukitoka upande wa Kigoma na kuleta honi ya treni, aliacha lolote alilokuwa akifanya. Hata uji uliungua.

Mashine ile ilitumwa na Dadi. Aliinunua kwa karani aliyekuwa anastaafu, baada ya Mwasiti kumwandikia kwamba darasa zima lina mashine moja na watu kumi na mmoja, na zamu yake inapofika vidole vimekwisha poa. Ilikuja kwa treni, na hapo stesheni ya Kigoma ndipo ilipoanza maisha yake ya kuanguka, maana mchukuzi aliishusha kama gunia la chumvi. Ikapona. Ashura akaimwagia uji wa ulezi. Ikapona, ila herufi mbili zilinuka mpaka mvua za vuli. Kuku akatagia ndani ya sanduku lake. Paa likavuja juu yake usiku kucha. Siku moja Mwasiti alijikwaa akitoka darasani, mashine ikamtoka kichwani ikaserereka kwenye kokoto, na alipoifungua, ikaandika kana kwamba hakuna lililotokea. Mwalimu Skolastika alisema waliotengeneza mashine hiyo bila shaka walikuwa na watoto.

Lakini safari hii, alipoiinua na kuiweka juu ya meza, kile kigari cha juu, kinachobeba karatasi na kusogea kila herufi inapopigwa, kilikwama katikati. Vijiti vitatu vya herufi vilikuwa vimepinda na kushikana. Aligusa kitufe, kikazama. Hakikurudi.

"Nitaipeleka kwa fundi nikitoka kazini," akasema. Asubuhi alikuwa na kibarua cha kuanika dagaa ufukweni, na mwenye dagaa hakujua mambo ya mtihani.

"Nenda, mwanangu. Nenda tu," Bi Mwanvua akasema, bila kumtazama usoni.

Aliporudi adhuhuri, kabla hajavua kandambili, mkwewe alimshika mkono akamvutia ndani. "Njoo uone! Njoo!" Akasukuma kigari kwa kidole kimoja. Kikaenda, laini, mpaka mwisho. Akakirudisha. Kikarudi. Vijiti vilikuwa vimeachana. Chumba chote kilinukia mawese ya moto.

"Mama, umefanyaje?"

"Nimeyapasha kidogo nikayadondoshea kila penye kiungo. Kwani mtoto akikauka ngozi tunampaka nini? Mguu ukikaza? Mlango wangu ule ulikuwa unalia kama mbuzi, sasa unausikia?"

Mwasiti alicheka, akamkumbatia. Alasiri nzima alipiga chapa, na ingawa karatasi zilitoka na madoa ya rangi ya machungwa, alijiambia madoa yatakwisha. Usiku alilala anaota kota.

Usiku ule ukavuma upepo wa baridi kutoka ziwani. Alhamisi asubuhi mawese yalikuwa yameganda. Yaliganda kwenye meno ya magurudumu, yakaganda katikati ya vijiti, mazito, yamechanganyika na vumbi na nyuzi za utepe. Sisimizi walikuwa wamepanga safu kutoka dirishani mpaka ndani ya mashine, na wengine wamefia humo. Hakuna kilichosogea. Mwasiti akabonyeza kitufe baada ya kitufe, kama mtu anayemtikisa aliyezimia, kisha akageuka.

"Mara ya kwanza uliivuta ikaanguka," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ndiyo maana ilitisha. "Nikasema giza. Mara ya pili umeipaka mafuta ya kupikia. Sasa niseme nini, Mama? Sema tu hutaki niende."

Bi Mwanvua alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama.

"Sitaki," akasema. "Nani angetaka? Mtoto wangu ameondoka, sasa aondoke mkwe, aondoke na huyu mjukuu ninayelala naye mgongoni. Nibaki na nani, na paka? Sitaki, Mwasiti, na nikikuambia nataka nitakuwa nakudanganya. Lakini kutotaka ni jambo moja, na kukuharibia ni lingine. Mimi ningeweza kukuharibia? Unavyokula kile kichwa cha samaki jikoni, unafikiri sikuoni?"

 Mwasiti alitamani maneno yake yarudi kinywani, lakini yalikuwa yamekwisha toka na kukaa pale kati yao, pamoja na mchele.

Bi Mwanvua akasimama. Akafunga kanga ya pili kiunoni, akaiviringisha mashine katika shuka, akapiga kata, akajitwika.

"Mama, nipe nibebe mimi."

"Beba mtoto."

Basi lilikuwa limekwisha ondoka. Wakatembea kwenda Kigoma, mwendo wa zaidi ya saa mbili, jua likipanda, Mwasiti na Ashura mgongoni nyuma ya yule mama aliyeshika mzigo kwa mkono mmoja na kukataa kupokelewa. Mara tatu Mwasiti alisema, "Nisamehe, Mama." Mara ya tatu Bi Mwanvua akajibu bila kugeuka, "Angalia hapo, pana shimo."

Ignas, fundi baiskeli wa mtaa wa Mwanga, alikuwa Muha mwenye maneno mengi, na aliwahi kurekebisha hata mizani ya misheni.

"Mwakeye!" akasalimu kwa Kiha. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Tazama hii."

Ignas akafunua shuka. Akainama, akanusa, akainuka, akanusa tena. "Hii imeungwa," akasema. "Imebaki chumvi. Mlitaka kuchapa barua ninyi, au kukaanga?"

"Nimeipaka mimi," Bi Mwanvua akasema. "Bawaba ya mlango wangu inapenda."

"Bawaba haiendi kwenye mtihani, Bibi."

"Ukimaliza kucheka ufanye kazi."

Akaifungua. Akaleta mafuta ya taa katika kopo na manyoya ya kuku, akawapa wanawake kila mmoja unyoya wake, na wote watatu wakakaa juu ya magogo wakisugua meno madogo ya chuma mpaka rangi ya machungwa ikaisha na kopo likawa na tope. Vijiti vilivyopinda alivinyoosha kimoja kimoja kwa koleo na kipande cha spoki, ulimi nje, akivipima kwa jicho kama anayetunga uzi. Jua lilikuwa limeanza kuinamia ziwani kigari kilipokimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Ignas, aliyekwisha simuliwa ajali zote za mashine, akakitazama kwa heshima. "Ningeangushwa mimi hivi, nikamwagiwa uji, nikakaangwa, nisingeamka. Lakini sikieni, dada. Kengele hailii. Kinyundo chake kimekatikia katika mafuta yaliyoganda, na cha kutia sina. Mashine yenu imekuwa bubu."

Mwasiti akakaa tena juu ya gogo. Angemweleza nani? Kengele ile ndiyo humwambia mpiga chapa kwamba mstari unakaribia mwisho. Macho yako kwenye karatasi unayonakili, hayatazami mashine. Bila kengele, maneno yanagonga ukingo wa karatasi na kupandana. Na mtu wa Tabora, Mwalimu Skolastika aliwaonya, hasamehi mstari uliopandana.

Wakafika Ujiji giza limekwisha ingia. Lakini Ijumaa asubuhi Bi Mwanvua alichukua kigoda chake akakiweka kando ya meza. Hakuwa anajua kusoma hata herufi moja. Akachora mstari wa mkaa ubavuni mwa mashine.

"Kengele ilikuwa inalia kigari kikifika hapa?"

"Nyuma kidogo, Mama. Hapo."

"Haya. Wewe tazama karatasi yako. Mimi natazama hapa."

Mwasiti akaanza. Kigari kikatambaa. Kilipofika kwenye mkaa, Bi Mwanvua akapiga ulimi: "Nta! Rudi." Mwasiti akarudisha. "Nta! Rudi." Wakapika kwa zamu. Ashura akajifunza na yeye, akawa anapiga ulimi ovyo ovyo, akafukuzwa nje. Kufikia alasiri Mwasiti alikuwa anarudisha kigari sambamba na ulimi wa mkwewe. Jua lilipozama alikuwa anarudisha kabla yake kidogo, na Bi Mwanvua amenyamaza, anatikisa kichwa tu. Wakati mmoja Mwasiti aliinua macho akamkuta mkwewe hatazami mkaa tena. Alikuwa anamtazama yeye, kwa makini sana, kama mtu anayejaza mtungi.

Jumamosi walikuwa wanawake saba darasani, wale waliopata mashine, wengine za kuazima. Mtu wa Tabora akasema, "Anzeni." Na kila upande kengele zikaanza: ting, mkono wake wa kulia, ting, nyuma, ting, ting, mbele. Kengele za wenzake, ambazo hakuziwazia hata kidogo, zilimvuta kama watu wanaoita jina lake. Katika mstari wa kwanza alirudisha mapema mno. Katika wa pili akachelewa, herufi ya mwisho ikaponea ukingoni. Akasimamisha mikono. Wenzake walikuwa wanakwenda. Akafumba macho kwa muda wa pumzi moja, akatafuta katika kichwa chake harufu ya chumba kile, kigoda, ule ulimi. Nta! Rudi. Akaanza tena, na kengele za watu zikawa za watu.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Mwalimu Skolastika aliileta mwenyewe kwa baiskeli, na alipofika mlangoni alikuwa anacheka kiasi kwamba haikuwa lazima kuifungua. Mwasiti aliifungua. Aliisoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili polepole, kwa sababu Bi Mwanvua aliomba. Kisha Bi Mwanvua akasema, "Sasa mtoto atahitaji sweta," akaingia ndani, na alikaa huko kitambo.

Treni iliondoka Kigoma jioni. Mwasiti alipata nafasi dirishani, daraja la tatu, mashine chini ya miguu yake, Ashura mapajani. Bi Mwanvua alisimama nje, amevaa kanga yake ya sikukuu, anatoa maagizo.

"Mfunge shingo usiku. Huko mbele kuna baridi. Na maji usinywe ya stesheni."

"Ndiyo, Mama."

"Na Dadi umwambie..." Akatafuta neno, akaliacha. "Umwambie nilikuwa mzima."

"Likizo ya kwanza tunakuja. Mama, unasikia? Ya kwanza."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Honi ikalia, ile ile iliyounguza uji wake mara ngapi, na sasa ilikuwa juu ya kichwa chake, kubwa, ikitikisa kiti. Behewa likashtuka, likaanza kusogea. Siku mia saba na zaidi alikuwa ameitamani dakika hii: uso kuelekea Tabora, kuelekea mlango ambao Dadi angeufungua kesho. Lakini alijikuta ametoa kichwa dirishani na kutazama nyuma, ambako mtu mmoja mwembamba alitembea kando ya treni, kisha akatembea haraka, kisha hakuweza tena, akasimama na mkono juu.

Ashura alitazama viti vyote vya behewa, kimoja baada ya kimoja. Akatazama dirisha. Akamgeukia mama yake.

"Bibi hajapanda," akasema.