Shahidi wa Pili wa Bap

Kwa Kikorea, bap ni wali. Hata mtoto anayetambaa anajua. Lakini binti Pyo, mkusanya maneno ya kamusi, alikuwa ameshajaza kadi sita kwa neno hilo moja: wali, mlo wowote, riziki, chambo cha samaki, unga unaodondoka chini ya msumeno, vinyuzi vinavyobaki mshono ukifumuliwa.

Ya saba alipewa na mzee Ma Deok-chil, msokota kamba: vile vipande vya mabua ya mpunga vinavyomwagika miguuni mtu akisokota. Marehemu baba yake aliviita bap.

"Mashahidi wawili, mzee," alisema Pyo. "Nyumba mbili tofauti. La sivyo kadi naichana. Na basi langu linaondoka saa kumi."

Msokota kamba mwingine aliyebaki kijijini alikuwa Guk Pan-su. Yeye na Deok-chil waligombania maji ya shamba, wakanuniana miaka kumi na mmoja. Deok-chil alisonya. Kadi ikichanwa, neno la baba yake litamfuata kaburini. Akavaa viatu, akamwongoza Pyo.

Pan-su alikuwa uani akianika pilipili.

"Umepotea njia?"

"Huyu binti ana swali. Vile vipande vya mabua chini ya kamba, kwenu mliviitaje?"

"Miaka yote hiyo, halafu unakuja kuniuliza takataka?"

"Jibu, niondoke zangu."

Pan-su aligeuza pilipili mbili tatu. "Bap. Kamba inakula mabua, yale ni makombo yake."

"Makombo wapi! Ni kwa sababu kamba ndiyo iliyotulisha wali. Baba alisema."

"Baba yako alikuwa mwongo. Na kamba zake zilikatika."

"Zako zilifunga nini, vifaranga?"

Pyo aliandika mbiombio. "Asili mbili. Zote zinaingia. Wekeni majina."

Deok-chil, aliyeishia darasa la tatu, aliandika lake polepole, ulimi nje. Pan-su akaandika lake chini yake, bila kucheka. Honi ikalia barabarani. Pyo akakimbia na kadi yake.

Deok-chil hakuwa na sababu ya kubaki.

"Na mchi wa kinu," Pan-su aliuliza, macho kwenye pilipili, "baba yako aliuitaje?"

Deok-chil akaketi ukingoni mwa baraza. "Kwanza futa lile la kumwita mwongo."