Ukurasa wa Kwanza

Jumatatu ya mwisho ya Agosti 1995, Evelina alikuwa anafagia nyuzi za pamba mbele ya ghala la marobota, katika kiwanda kilichoko njia ya kwenda Misungwi, mumewe alipoingia getini ameshika viatu mkononi. Mashimba alikuwa amekufa miaka kumi na moja iliyopita, alipoangukiwa na marobota katika ghala hilohilo. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tatu.

"Shikamoo, mama," alimwambia Evelina. "Ofisi ya utumishi iko wapi? Naanza kazi leo."

Evelina alikuwa na miaka arobaini. "Marahaba," alijibu, akamwonyesha mlango.

Mashimba hakuwa peke yake. Siku hiyo wafanyakazi wote walifika wakiwa kama walivyokuwa siku yao ya kwanza kazini. Masalu wa mashine ya pili alikuwa na vidole vyake vyote kumi. Mvi hazikuonekana popote. Wake zao walikuja kulalamika saa nne, wakaambiwa wakae kwenye benchi wasubiri.

Sababu ilijulikana. Kiwanda kilikuwa kinauzwa, na mnunuzi alitaka watu anaoweza kuwaondoa bila maelezo. Meneja utumishi, Bwana Nathaniel, alimwita Muganyizi, fundi wa kompyuta kutoka mjini, akamwagiza akate mafaili yote yabaki ukurasa wa kwanza: jina, kijiji, tarehe ya kuanza. Barua ya kuthibitishwa kazini huwa ukurasa wa pili. Muganyizi alimaliza Ijumaa kabla ya chai. Mafaili ya marehemu nayo yalikuwemo, na kuyatenga kungekuwa kazi ya bure.

Evelina hakuwa na faili. Tangu awe mjane alikuwa kibarua wa kufagia. Aliegemeza fagio ukutani, akaenda chumba cha kompyuta.

"Rudisha kurasa za mume wangu."

"Sikuzifuta, mama," alisema Muganyizi. "Kufuta moja moja ni kujichosha. Nilisogeza tu alama ya mwisho wa faili. Zilizo nyuma ya alama zinakuwa hazina mwenyewe."

"Basi zipo."

"Zilikuwepo. Nafasi isiyo na mwenyewe kompyuta huitumia. Leo asubuhi imeandika humo orodha ya mitambo ya mnunuzi."

Harusi yao ya Butimba, mtoto waliyemzika, miaka mitano ya kula sahani moja: juu ya hayo yote sasa kulikuwa na pampu na mikanda. Evelina hakulia. Alijua anachokitaka.

"Faili la Nathaniel lina kurasa ngapi?"

"Sitini na mbili. La kwake alikataza lisiguswe."

"Ukurasa wa kwanza unasemaje?"

"Mwaka sitini na tisa. Kibarua wa kubeba magunia."

"Kata hapo."

Muganyizi aliutazama mlango. Asubuhi hiyo Nathaniel alikuwa amemtaka arudishe funguo aondoke, bila hata asante. "Ni kubonyeza mara moja tu," alisema, akabonyeza.

Saa saba kijana mwembamba alitoka ofisini kwa meneja, suti ikimpwaya mabegani. Rebeka, mke wa Nathaniel, alikuwa anapanda ngazi na chakula cha mchana. Kijana alimpisha kwa adabu, akamwamkia.

"Marahaba. Bwana Nathaniel yumo?"

"Nathaniel ni mimi, mama. Lakini mimi ni mgeni hapa."

Rebeka alimtazama kwa muda. Kisha alikaa kwenye ngazi, hotpoti mapajani. Evelina aliona yote akiwa ghalani, akafurahi. Alifurahi mpaka jioni, wala hakujuta.

Mnunuzi alisaini Jumatano. Meneja mwingine aliletwa kutoka Dar es Salaam, akayasoma mafaili, akayakuta sawasawa, akatangaza kwamba kiwanda hakina mfanyakazi wa kudumu hata mmoja. Alhamisi foleni ya vibarua, ambayo zamani ilikuwa ya watu wanane, ilifika barabarani. Mashimba alikuwa mbele kabisa, akicheka na Masalu. Evelina alikuwa wa arobaini. Nyuma yake alisimama Nathaniel, suruali ameifunga kwa kamba ya katani.

"Samahani, mama," aliuliza. "Hapa wanatoa glavu?"

"Hawatoi," alisema Evelina, na foleni ikasogea.