Soksi za Arap Koros

Itangazwe kwa wananchi wote wa Ndanai, wakubwa kwa wadogo, kwamba marehemu Arap Koros amefufuka na anaomba maziwa. Kusema kweli, aliyekuwa ndani ya kabuti kuukuu la marehemu ni mjukuu wake, Kipkurui, mwanafunzi wa bweni aliye likizoni bila kazi.

Alisimama katikati ya shamba la majani chai saa kumi jioni, mvua ikinyemelea, akakohoa kama babu. Alitaka nyanya yake, Kogo, acheke tu. Kogo hakucheka. Alimkaribisha kwa sauti ya msichana, sauti ambayo Kipkurui hakuwahi kuisikia, akamletea kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Kipkurui akanywa. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa pia, maana mursik ya Kogo ni tamu.

Siku ya nne kabuti lilibaki kwenye msumari. Kogo alitoka vilevile, akaketi ukingoni mwa chai na kibuyu magotini, akiongea. Kila baada ya maneno machache alinyamaza kama anayesikiliza, kisha akaitikia. Mvua ikamlowesha. Kipkurui, dirishani, alihisi nywele zikimsimama. Siku ya tano ikawa hivyo hivyo, na ya sita.

Caren, mama yake Kipkurui, akawapeleka wote wawili kliniki. Daktari Jerusa alieleza kwamba hii ni dementia: seli za ubongo zinakufa polepole, mambo ya leo yanafutika kwanza, ya zamani yanabaki. Lakini kuona wafu ghafla hivi, akasema, kunamaanisha ugonjwa unakimbia. Itabidi apewe dawa kali. Atashinda amelala, pengine asitembee tena kwenye chai yake.

Kipkurui aliisoma kalenda ya ukutani kwa bidii ya mtahiniwa.

"Kogo, huyo mzee huvaa nini?" Jerusa akauliza.

"Kabuti lake. Na soksi za bluu, mistari miwili ya njano." Kogo akawaza. "Nikasema, kumbe hata huko siku hizi ni yunifomu."

Macho ya Caren yakashuka taratibu hadi miguuni mwa mwanawe.

"Ni mimi," Kipkurui akasema. "Siku tatu za kwanza. Tafadhali usimpe hiyo dawa."

Jerusa akaweka kalamu chini. "Na zilizofuata?"

Kogo alikuwa akimtabasamia mtu nyuma ya mlango.

"Hizo hakukuwa na mtu, daktari," Kipkurui akasema. "Lakini mimi ndiye niliyemzoesha kungoja."